Kufukua faili za bure za intaneti ya zamani

Linki ya 1998 ikigoma kufunguka, wengi huiacha hapo hapo. Mdogo wangu anayesomea ukutubi naye alikuwa hivyo, mpaka tulipokaa tukafanya hivi.

Hatua ya 1: Pata anwani
Wayback Machine, ghala la nakala za tovuti za zamani la Internet Archive, ina kurasa za tangu 1996, ila ukitaka ikufae nenda na anwani kamili. Zitafute kwenye marejeo ya tasnifu na vitabu vya miaka ile. Sisi tulianza na www.yale.edu/swahili, ilikokuwa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni aliyoianzisha Martin Benjamin pale Yale mwaka 1994.

Hatua ya 2: Ibandike web.archive.org, chagua mwaka, bonyeza tarehe.

Hatua ya 3: Toa orodha ya faili
Hapa ndipo muda unapoliwa. Ukifuata linki moja moja, kila moja inakurusha kwenye nakala ya tarehe iliyo jirani. Unaanza 1999, unajikuta 2007 na ukurasa si ule tena. Mimi siku hizi sibonyezi kabisa. Naandika:

web.archive.org/web/*/www.yale.edu/swahili/*

Vinyota ni viwili. Ukisahau cha mwisho, unarudishiwa kalenda. Orodha ikija, andika zip, txt au pdf kwenye kisanduku cha kuchuja. Kwa tovuti kubwa kama GeoCities, iliyokuwa na kurasa za watu binafsi zilizopangwa kwa “mitaa” na iliyofungwa Oktoba 2009, usiweke kinyota mlangoni, yaani kwenye anwani kuu, maana orodha itafurika. Ingia kwanza kwenye mtaa, mfano www.geocities.com/Athens/Forum/*.

Na usifurahi mapema ukiona jina la faili. Mara nyingine kilichohifadhiwa ni ukurasa wa kosa uliovaa jina la zip, kwa hiyo angalia ukubwa wake kabla ya kuhangaika kuifungua. Ukitaka faili kama ilivyokuwa, bila utepe wa Wayback juu yake, ongeza id_ mara tu baada ya zile tarakimu 14 za tarehe kwenye anwani, kisha pakua.

Hatua ya 4: Fungua
Programu za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, zinakwenda kwa DOSBox, nayo ni ya bure. Kama shida yako ni vitabu tu, ruka yote haya uende Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure ya Michael Hart, iliyoanza 1971. Chukua txt, hata simu ya bei ndogo inaisoma.