Jinsi ya Kulifafanua Neno "Katedrali" na Kulitumia Mahali Pake

Anayetaka kulieleza neno "katedrali" darasani, katika makala au katika tafsiri, na aanze na kiti, wala asianze na jengo. Wengi huanza na minara, kengele na madirisha ya vioo vya rangi, kisha hulazimika kuyarudia maelezo yao pale wanapotambua kwamba yapo makanisa makubwa mno ambayo si katedrali, na yapo mengine ya kawaida kabisa kwa macho ambayo ni katedrali kamili. Kinacholipa kanisa jina hilo ni kiti kimoja tu, kile anachokikalia askofu wa jimbo, yaani wa eneo la Kanisa analoliongoza.

Hatua ya kwanza ni kulipasua neno lenyewe. Asili yake ni kathedra ya Kigiriki, iliyoundwa kwa kata, yaani "chini", na hedra, yaani "mahali pa kukalia". Pumzi inayosikika mwanzoni mwa hedra ndiyo iliyoigeuza t ya kata kuwa th. Mswahili hana haja ya kuhangaika sana hapa, kwa kuwa lugha yake hujenga maneno kwa njia inayokaribiana na hiyo: katika kukaa tumepata kikao na makao, na anayekiongoza kikao tunamwita mwenyekiti hata kama siku hiyo amesimama toka mwanzo hadi mwisho. Wagiriki nao walitoa katika hedra neno synedrion, yaani watu walioketi pamoja, na ndilo lililokuja kuwa Sanhedrini, jina la baraza kuu la Wayahudi.

Ukimweleza mtu mambo haya, usiruke moja kwa moja hadi kwa maaskofu, maana kathedra ilikuwa kwanza kiti cha mtu yeyote. Injili ya Mathayo inatoa mfano mzuri ajabu, nami huutumia kila ninapopata nafasi. Katika sura ya 21, mstari wa 12, Yesu anapindua meza za wabadili fedha na viti vya wauza njiwa; katika sura ya 23, mstari wa 2, anasema kwamba waandishi na Mafarisayo wameketi katika kiti cha Musa. Katika Kigiriki, kiti cha muuza njiwa na kiti cha Musa vimetajwa kwa neno lilelile, kathedra. Tofauti haimo katika neno, imo katika aliyeketi na anachokifanya akiwa ameketi. Zamani zile mwalimu alifundisha akiwa ameketi, ndiyo maana hata mahubiri ya mlimani yanaanza kwa Yesu kuketi kwanza, na kiti kikageuka kuwa alama ya mamlaka ya kufundisha. Kiswahili kimeipokea fikra hiyohiyo kupitia vyuo vikuu, ambako nafasi ya heshima ya profesa huitwa kigoda.

Kutoka hapo njia ni fupi. Kilatini kilikichukua kiti hicho kikakiita cathedra, kikakitolea kivumishi cathedralis, na kanisa lenye kiti cha askofu likaitwa ecclesia cathedralis. Maneno hayo yanaonekana katika kumbukumbu za mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika Tarragona, Hispania, mwaka 516. Zingatia kwamba "katedrali" ilikuwa kivumishi: watu walisema kanisa la kikatedrali, na katika Kiingereza kivumishi hicho hakikusimama peke yake kama nomino mpaka mwishoni mwa karne ya 16. Kwa maneno mengine, tunapoandika "katedrali" tunatamka nusu ya pili ya jina na kuiacha nusu ya kwanza.

Msomaji akitaka kukiona kiti chenyewe, mwelekeze Ravenna, Italia, kunakohifadhiwa kiti cha Askofu Maximianus wa karne ya 6. Ni kiti cha mbao kilichofunikwa vipande vya pembe za ndovu vilivyonakshiwa kwa ustadi. Mbele, chini ya herufi zilizofumwa pamoja za jina la askofu, amesimama Yohane Mbatizaji katikati ya wainjili wanne. Ubavuni, kulia na kushoto, kumechongwa kisa cha Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake. Kiti cha namna hiyo kiliwekwa nyuma ya altare, yaani madhabahu, kwenye duara la ukuta wa mwisho, askofu akiwatazama waumini na mapadri wakiwa wameketi kandokando yake.

Ili kujua kama kanisa ulilosimama ndani yake ni katedrali, fanya vivyo hivyo: tafuta kiti. Siku hizi mara nyingi utakiona karibu na altare, nyuma yake au kwa upande mmoja, na mara nyingi kimewekwa nembo ya askofu. Usikichanganye na kiti cha padri anayeongoza ibada, ambacho kila kanisa la parokia linacho. Ukiona kiti cha askofu, uliza swali moja la nyongeza: je, kimewekwa hapa rasmi kama makao ya uaskofu wa jimbo, au ni cha kumpokea anapozuru? Jibu la kuaminika liko katika ofisi ya jimbo, si katika kibao kilicho langoni, maana vibao huandikwa kwa mapenzi ya watu.

Ukubwa haukusaidii kitu. Kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatikani ni basilika, yaani kanisa lililopewa cheo cha heshima, si katedrali. Kiti cha Papa kama Askofu wa Roma kimo katika Basilika ya Mtakatifu Yohane wa Laterani, na huko ndiko Papa Leo XIV alikokwenda tarehe 25 Mei 2025 kukitwaa kiti chake, siku 17 baada ya kuchaguliwa. Basilika ya Yamoussoukro nchini Kodivaa, iliyotabarukiwa mwaka 1990 na kufikia kimo cha mita 158, nayo si katedrali: katedrali ya jimbo hilo ni kanisa dogo la Mtakatifu Augustino. Hata hivyo, kanisa moja laweza kuwa basilika na katedrali kwa pamoja. Kiti pia huhama. Katedrali ya Mtakatifu Vibiana mjini Los Angeles ilipoharibiwa na tetemeko la Januari 1994, jimbo lilijenga katedrali mpya iliyotabarukiwa mwaka 2002, na lile la zamani likabaki kuwa jengo la shughuli nyingine, ingawa kuta zake ni zilezile.

Mtego mkubwa uko katika tafsiri. Waitalia husema duomo na Wajerumani Dom, maneno yanayotokana na domus ya Kilatini, yaani nyumba. Münster ya Kijerumani imetokana na monasterium, yaani monasteri, na si kila Münster ina askofu. Wareno husema sé, kutoka sedes, ambayo pia maana yake ni kiti. Sobor ya Kirusi ina maana ya kusanyiko, kwa hiyo kanisa linaloitwa hivyo lisitafsiriwe "katedrali" bila kuchunguza. Hata jina lenyewe hudumu baada ya kiti kuondoka: Kanisa la Mtakatifu Giles mjini Edinburgh ni la Wapresbiteri, wasio na maaskofu, lakini bado linaitwa katedrali kwa sababu ya vipindi vya karne ya 17 ambapo askofu alikuwapo.

Katika Kiswahili tuna chaguo mbili. "Kanisa kuu" ni jina lililozoeleka na zuri kwa sikio, ila linamvuta msomaji kufikiria ukubwa, yaani kosa lilelile tulilolianza nalo. "Katedrali" linakihifadhi kiti, lakini kwa asiyejua asili yake ni sauti tupu. Ninachopendekeza ni kuandika mara ya kwanza "kanisa kuu, yaani kanisa lenye kiti cha askofu", kisha kuendelea na jina moja bila kuchanganya. Ngeli pia izingatiwe: katedrali hii, katedrali hizi, kanisa kuu hili, makanisa makuu haya. Na askofu akifariki au akistaafu kabla mwingine hajateuliwa, andika kwamba kiti kiko wazi. Kanisa linabaki kuwa katedrali, kwa kuwa kiti bado kipo mahali pake.