Baiskeli ya Kihispania ya zamani: ikague hivi kabla hujalipa

Baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1970 au 1980 kutoka Hispania ikishuka kwenye kontena la mtumba, watu wote huuliza swali moja: ni ya kampuni gani? Mimi swali hilo naliweka mwisho. Stika hubanduka, rangi hupigwa upya, na maduka mengi yalikuwa yakibandika majina yao kwenye fremu zilizochomelewa na wengine. Kinachoamua kama utaitembeza au utaitundika ukutani ni vipimo, na kwa baiskeli za Hispania vipimo ndiyo kizungumkuti chenyewe. Fremu moja ina hesi (mikunjo ya skrubu) za Kiingereza, ya pili za Kifaransa, ya tatu za Kitaliano, na kwa nje zote zinafanana.

Beba venia (kipimo cha taya cha milimita), tochi, uzi mrefu usiovutika, spana zako, kipande cha mbao, nyundo na mafuta ya kulegeza kutu.

Hatua ya 1: Siti na usukani vizunguke

Hili lifanyike mbele ya muuzaji, kabla ya mazungumzo ya bei. Legeza bolti ya siti, kisha izungushe siti kwa mikono miwili. Gongo la siti ni la alumini na fremu ni ya chuma. Unyevu na jasho vikiingia katikati kwa miaka, metali hizo mbili hushikana kama zimemwagiwa saruji. Isipocheza hata kidogo, jua una kazi ya siku nzima, na huenda gongo likatoka kwa msumeno.

Kwa usukani, legeza bolti ya juu mizunguko mitatu au minne tu, uigonge juu kwa nyundo huku umeikinga na mbao ili kabari ya ndani ishuke, kisha shika gurudumu la mbele kwa magoti na uzungushe. Shina la usukani likiwa limekwama na gongo la siti nalo limekwama, mimi naondoka, hata fremu ing'ae vipi.

Gongo la siti likitoka, soma namba iliyopigwa juu yake, ambayo ni kipenyo kwa milimita. 27.2 mara nyingi ina maana ya mabomba mepesi ya daraja la juu, kama Columbus SL au Reynolds 531. Ikiwa 26 au 25 na kitu, kuta za bomba ni nene na fremu ni nzito. Angalizo ni 26.4: hiyo ni namba ya kawaida kabisa kwa Reynolds 531 ya vipimo vya Kifaransa, kwa hiyo usiidharau.

Hatua ya 2: Fremu iliyonyooka

Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, pale yanapoungana na shingo ya fremu. Rangi iliyokunjamana au kivimbe kidogo ni alama ya kugonga ukuta au gari. Mulika tochi kwenye maungio yote, hasa karibu na ekseli ya kanyagio na kwenye midomo ya nyuma inayoshika gurudumu, ukitafuta ufa. Kutu ya juujuu isikutishe. Kutu ya kuogopa ni ile ya ndani, na utaiona siti ikishatoka.

Kisha uzi. Toa gurudumu la nyuma, funga uzi kwenye mdomo wa kulia, upitishe mbele ya shingo ya fremu, urudi hadi mdomo wa kushoto, ukaze. Pima pengo kati ya uzi na bomba la siti pande zote mbili. Zikitofautiana milimita mbili hivi, fundi mzuri atainyoosha. Zikizidi hapo sana, hiyo fremu imewahi kuumia.

Hatua ya 3: Hesi

Hapa usikimbie. Anza na kikombe cha gololi cha ekseli ya kanyagio, upande wa kulia, ule wa cheni. Kisafishe uso kwa mafuta na brashi, maana mara nyingi kimepigwa kipimo, kipenyo kwanza kisha hesi: 1.37x24 ni Kiingereza, 35x1 ni Kifaransa, 36x24 ni Kitaliano. Kama maandishi yamefutika, pima upana wa bomba la ekseli: 70 mm ni Kitaliano, 68 mm ni Kiingereza au Kifaransa.

Kutenganisha hizo mbili za mwisho ndiko kunakowaumiza watu. Kwa Kiingereza, kikombe cha kulia hulegea kwa kufuata mshale wa saa. Kwa Kifaransa hulegea kinyume chake. Ukiilazimisha spana upande usio wake unakaza zaidi, na hesi zikilika hakuna wa kukuuzia fremu nyingine. Kipenyo hakitakusaidia sana, kwa sababu 1.37 ya inchi ni karibu 34.8 mm, na uzee wa hesi hula tofauti hiyo. Toa kwanza kikombe cha kushoto, ambacho kwa aina zote hulegea kinyume cha saa. Weka hesi zake dhidi ya za kikombe unachojua ni cha Kiingereza, uvinyanyue kwenye mwanga. Meno yakikaa pamoja toka mwanzo hadi mwisho, umepata jibu. Yakianza kupandana katikati, ni Kifaransa.

Pengine utakutana na tofauti hiyohiyo kwingine. Shina la usukani la Kifaransa ni 22.0 mm, la kawaida 22.2. Hesi za shingo ya foku ni 25 mm au 25.4. Pedali ni 14 mm au 9/16 ya inchi, na hapa kuna ahueni: kranki (mkono unaobeba pedali) ya 14 mm inaweza kukatwa hesi upya iwe 9/16. Ukiona pedali zina herufi D na I, hizo ni za Kihispania. D na G ni za Kifaransa.

Hatua ya 4: Umri

Pima nafasi kati ya midomo ya nyuma: 120 mm ni enzi ya gia tano, 126 ni gia sita au saba, 130 ni ya baadaye. Kibadilisha gia cha Campagnolo Nuovo Record huandikwa PATENT na mwaka. PATENT-77 ni 1977. Vifaa vya Shimano vina herufi mbili zilizopigwa kwa nyuma: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, ya pili ni mwezi. LC basi ni Machi 1987. Kifaa kimoja si ushahidi, tafuta viwili au vitatu vinavyokubaliana. Ukibahatika kukuta kibati kidogo chenye jina la mji na mwaka, hicho ni cha kodi ya baiskeli iliyotozwa na halmashauri za miji ya Hispania.

Hatua ya 5: Jina

Sasa tazama nembo ya mbele. Orbea, BH na GAC zote zilizaliwa Eibar, mji wa Wabaski uliojulikana kwa bunduki. Orbea ilianza 1840, GAC 1892, BH 1909. Waliojua kufanya kazi ya mtutu hawakushindwa na bomba la fremu. Zeus nayo ni ya huko, na ndiyo ninayoisaka, kwa sababu katika miaka ambayo vifaa vya nje vilikuwa adimu Hispania, wao walitengeneza karibu kila kitu: kranki, habu, breki, vibadilisha gia, hata fremu. Seti ya Zeus 2000 iliyokamilika usiichanganye na vifaa vingine.

Na kama hesi zimetoka za Kifaransa, usikate tamaa. Vikombe vikiwa havina mashimo, visafishe uvirudishe vilevile, na girisi mpya. Gololi ni za robo inchi, kumi na moja kila upande, na hizo zipo kwa kila muuza spea wa baiskeli.