Ijaribu nembo yako kabla ya siku ya kuwasilisha

Wewe unayemalizia kazi zako za mwisho za usanifu wa michoro, nembo ya jina lako usiihukumu ikiwa imejaa kioo kizima cha kompyuta. Ipunguze hadi upana wa sentimita 1, itoe kwa wino mweusi mtupu kwenye printa ya kawaida ya steshenari, kisha itazame ukiwa umenyoosha mkono. Herufi zikishikana au mstari mwembamba ukipotea, rudi mezani. Iweke pia kwenye picha ya wasifu ya WhatsApp, maana duara lile hukata pembe zote nne.

Uchapaji ndio huwaangusha wengi. Kioo huonyesha rangi kwa mwanga. Mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, kwa hiyo ile bluu inayong'aa itatoka imefifia. Badilisha faili liwe CMYK, yaani mfumo wa rangi hizo nne za wino, mapema, ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, na geuza maandishi yawe maumbo ili fonti isibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji. Kadi zangu za kwanza zilitoka na fonti nyingine kabisa, usiku wa kuamkia maonyesho. Niliumia sana. Chapa nakala moja ya majaribio, wiki nzima kabla.