Umetoa spaiwea halafu kompyuta inagoma? Jaribu haya kabla hujapiga windo upya

Hii inawakuta watu wengi sana hapa Dar. Laptopu iliingiwa na spaiwea (programu ya siri inayokupeleleza), ikawa inaleta matangazo ya ajabu na brauza inajifungua yenyewe, ukaiskani, antivairasi ikakamata vitu kibao ukafuta vyote, ukazima ukawasha ukijua yameisha, kumbe ndo yanaanza: intaneti haifunguki, Task Manager (ile inayoonyesha programu zinazofanya kazi) inakataa, ukifungua programu unaulizwa ifunguliwe na nini. Mtu anabeba mashine mpaka Kariakoo na karibu kila meza ya fundi anapewa jibu moja, piga windo upya, yaani uweke Windows upya kuanzia mwanzo.

Subiri kwanza. Mara nyingi windo yenyewe haijafa, ni seting ambazo spaiwea ilizigeuza ilipokuwa hai. Antivairasi ikaja ikafuta faili la spaiwea lakini ile seting ikaiacha hivyo hivyo, kwa hiyo kompyuta inaendelea kutafuta kitu ambacho hakipo tena. Ukijua kila dalili inatoka kwenye seting gani, unairudisha mwenyewe na kazi zako zote zinabaki.

Kabla ya kugusa chochote hakikisha mdudu, yaani hiyo spaiwea, ametoka kweli, maana ukirekebisha akiwa bado yumo ataharibu tena ukiwasha. Kwenye Windows 10 na 11 fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, halafu Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kuskani kabla windo haijawaka, hapo mdudu hana pa kujifichia. Chomeka chaja wakati huo, umeme ukikatika katikati na betri imechoka unajitafutia balaa. Alafu kopi kazi zako muhimu kwenye diski ya nje, kopi nyaraka na picha tu, mafaili ya .exe na programu za kukreki usizibebe, maana mara nyingi ndo zilizoleta ugonjwa. Tengeneza na restore point pia (nakala ya seting za windo ya kurudia ukiharibu), andika "Create a restore point" kwenye sehemu ya kutafuta utaiona.

Amri nyingi hapa chini zinaandikwa kwenye Command Prompt ya admin: tafuta cmd, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator.

Tuanze na intaneti kwa sababu ndo inayosumbua zaidi na ndo watu wanaibiwa hela zaidi. Kuna dada ana stationery maeneo ya Sinza, msimu ule wa maombi ya mkopo wa HESLB wanafunzi wamejaa mlangoni, mashine yake inaonyesha waifai imeshika vizuri, simu yake kwenye waifai hiyo hiyo inafungua kila kitu, ila Chrome kwenye kompyuta inaleta ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Alishaambiwa na fundi mmoja kwamba kadi ya netiweki imeungua anunue nyingine. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Kwenye seting za proksi kulikuwa kumeandikwa 127.0.0.1 na poti 8080, maana yake brauza inaambiwa usiende moja kwa moja mtandaoni, pitia kwanza kwenye programu iliyopo humu humu kwenye kompyuta. Hiyo programu ndo ilikuwa spaiwea inayosoma kila anachofungua, na ilishafutwa, kwa hiyo brauza inagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ukizima proksi tu neti inarudi pale pale.

Kwako nenda Settings, Network & internet, Proxy. Zima "Use a proxy server" na "Use setup script", acha "Automatically detect settings" peke yake. Kama ni kompyuta ya ofisi muulize mtu wa IT kwanza, maofisi mengine yana proksi halali. Halafu kwenye cmd andika:

netsh winhttp reset proxy

Ukizima ukiwasha ukakuta proksi imejiwasha tena, usihangaike kuizima kila siku, hiyo ni dalili kwamba kuna kipande cha mdudu bado kinaishi, rudi kwenye kuskani.

Proksi ikiwa safi na neti bado haiji, pima hivi:

ping 8.8.8.8
ping google.com

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikisema haioni jina, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina la saiti kuwa namba (IP) ambayo kompyuta inaielewa. Kubadilisha DNS ya watu ni mchezo wa zamani na mkubwa. Mwaka 2011 FBI wa Marekani walivunja genge la DNSChanger lililokuwa limeambukiza kompyuta kama milioni 4 kwenye nchi zaidi ya 100, na seva za hilo genge hazikuweza kuzimwa siku hiyo hiyo kwa sababu watu wote hao wangekosa intaneti, ikabidi ziwekwe seva safi za muda mpaka tarehe 9 Julai 2012 ndo zikazimwa. Kwako marekebisho ni rahisi: bonyeza Win+R, andika ncpa.cpl, bonyeza kulia kwenye waifai yako, Properties, Internet Protocol Version 4, Properties tena, weka "Obtain DNS server address automatically". Kisha:

ipconfig /flushdns

Angalia na ruta pia. Kama simu na kompyuta zote za nyumba moja zinapelekwa kwenye saiti za ajabu, basi DNS imebadilishwa kwenye ruta, na hapo utatengeneza laptopu mpaka uchoke. Irudishe ruta kwenye seting za kiwandani, ila uwe na taarifa za kampuni yako ya mtandao mkononi za kuiunganisha tena, halafu badilisha ile paswedi ya kuingilia iliyokuja nayo.

Kama ping yenyewe inaleta erro za ajabu au hakuna programu yoyote inayopata neti, hapo mshuku Winsock, sehemu ya Windows inayounganisha programu na mtandao. Spaiwea za zamani zilikuwa zinajipachika katikati ya njia ambayo data inapita. Ni kama vibarua wanaopokezana karai la zege, ukimtoa mmoja katikati ghafla bila wengine kusogeleana, zege haifiki juu. Windows mpya hili limepungua ila mitaani bado kuna Windows 7 nyingi, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, na huko utalikuta. Andika hizi mbili halafu lazima uzime na kuwasha:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Kama ulikuwa umeweka IP kwa mkono, mfano kwa ajili ya printa ya ofisini, iandike pembeni kabla, maana amri ya pili inaifuta. VPN nayo inaweza kuhitaji kuinstoo upya.

La mwisho kwenye neti ni faili la hosts, orodha ndogo ambayo windo inaisoma kabla ya kuuliza DNS saiti iko wapi. Dalili yake ni kwamba saiti zote zinafunguka isipokuwa za antivairasi na Microsoft. Fungua Notepad kama admin, kisha fungua faili hili, chini uchague All Files la sivyo hulioni:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Kwenye Windows 10 na 11 kwa kawaida mistari yote inaanza na alama ya #. Ukiona mstari usio na # wenye jina la saiti ya antivairasi au benki, futa, sevu. Kuna mistari mingine huwa inawekwa na programu ulizoweka mwenyewe, kwa hiyo soma kabla ya kufuta.

Sasa ile ya programu kutokufunguka, kila unachogusa kinauliza ukifungue na nini. Hii inatisha lakini ni seting moja tu, spaiwea ilijiweka mbele ya kila faili la .exe ili ukifungua Word ianze yeye, sasa kafutwa na windo haijui tena .exe ni nini. Jaribu kwanza Run as administrator kwenye cmd, mara nyingi hiyo njia inakuwa haijaguswa. Ikigoma, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza namba 6. Itawaka ikiwa na dirisha jeusi la amri peke yake na hapo utafanya kazi vizuri. Kama diski imefungwa na BitLocker utaulizwa recovery key (namba ndefu ya kuifungulia), kwa hiyo hakikisha unayo kabla, kwa wengi imehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Andika:

assoc .exe=exefile
ftype exefile="%1" %*

Bado? Andika regedit hapo hapo ifunguke Registry Editor, sehemu ya kubadilisha rejistri (hifadhi ya seting za Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes, ukikuta folda inaitwa .exe bonyeza File, Export uihifadhi, halafu ifute. Kwenye akaunti nzima hiyo folda kwa kawaida haipo.

Task Manager na Registry Editor zikikwambia zimezuiwa na administrator, wakati administrator ni wewe na laptopu ni yako mwenyewe, ni spaiwea ilizifunga usiione. Hapa watu wanaelekezana amri ya reg na yenyewe inagoma kwa sababu imefungwa na kizuizi hicho hicho. Tumia PowerShell (dirisha lingine la amri la Windows), fungua kama admin ukiwa kwenye akaunti ile ile yenye tatizo:

$p = "HKCU:\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System"
Remove-ItemProperty $p -Name DisableTaskMgr
Remove-ItemProperty $p -Name DisableRegistryTools

Ikikwambia moja haipo, sawa tu, maana yake hiyo haikufungwa.

Kuna ile ya kuingiza paswedi, inasema karibu, halafu inakutoa hapo hapo. Au unaingia na kukuta skrini nyeusi haina hata ikoni. Zote mbili angalia HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon. Shell inatakiwa iwe explorer.exe peke yake, na Userinit iwe C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na ile koma ya mwisho. Ukiwa kwenye skrini nyeusi bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ikija uiambie ifungue regedit. Ila kama huingii kabisa, inabidi ufungue Command Prompt ya kwenye Advanced options na kuipakia rejistri ya diski yako kwa mkono. Hiyo kama hujawahi kuifanya mpe fundi anayeijua, ukikosea hapo unaharibu zaidi.

Vijidirisha vinavyotokea kila ukiwasha, RunDLL haioni faili fulani au Windows Script Host haioni skripti, havina madhara, ni amri ya kuwasha kitu kilichokufa. Pakua Autoruns ya Sysinternals (programu inayoonyesha kila kinachojiwasha na windo) kwenye saiti ya Microsoft, ni bure na ndogo haili bando. Iwashe kama admin, tafuta mistari ya njano, hiyo ndo faili lake halipo. Toa tiki kwanza usifute, washa upya, ukiona siku mbili tatu mashine iko sawa ndo ufute.

Chrome ikiandika "Managed by your organization" na laptopu ni ya kwako nyumbani, fungua chrome://policy uone nini kimelazimishwa, kisha kwenye regedit futa folda ya Chrome ndani ya SOFTWARE\Policies\Google, upande wa HKEY_LOCAL_MACHINE na wa HKEY_CURRENT_USER. Angalia na shotikati ya Chrome, Properties, kwenye Target, ikimalizika na anwani ya saiti baada ya chrome.exe ifute hiyo anwani.

Neti ikisharudi ndo ufanye hizi, kwa mpangilio huu huu, maana ya kwanza inaweza kushusha mafaili mazima kutoka Microsoft ili ya pili iyatumie:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Zinachukua muda, DISM inaweza kuganda kwenye asilimia ile ile muda mrefu, iache usiifunge. Hizi zinatengeneza mafaili ya windo yaliyoharibika, seting za hapo juu hazigusi, ndo maana mtu akikwambia piga sfc tu itapona mara nyingi haiponi.

Flashi nazo. Kama folda zimegeuka shotikati, kazi zako zipo, zimefichwa tu. Angalia herufi ya flashi yako, tuseme ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Futa zile shotikati na faili lolote la .vbs au .exe usilolijua. Kwa wenye stationery hili ni la kila siku, flashi ya mteja iskani kabla ya kufungua chochote, maana ukiambukizwa wewe wateja wako wote wa siku hiyo wanaondoka nayo.

Paswedi zako hesabu zote zimeshaonekana. Badilisha kwa kutumia simu au mashine nyingine, anza na imeili maana kupitia hiyo mtu anarudisha paswedi za kila kitu, kisha benki, kisha akaunti ya TRA kama unafanya biashara, na kila penye "log out of all devices" bonyeza.

Kupiga windo upya kuna wakati wake, sipingi. Kama mdudu anarudi kila baada ya kuskani, au mashine hiyo ndo unayolipia mishahara na kuingilia benki, usibahatishe, ipigwe. Ila mwambie fundi kabla hajaanza: kazi zako ziko Desktop na Downloads pia sio Documents peke yake, programu ya mahesabu ina data yake kwenye folda tofauti, na windo itoke kwenye faili la Microsoft lenyewe, isiwe ile ya kwenye flashi yake iliyokrekiwa tayari. Na kama mashine inakubali Windows 11 aweke hiyo, Windows 10 Microsoft walishamaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.