Kiongozi Hashiki Koleo: Namna ya Kuongoza Timu ya Kinga ya Mionzi Katika Operesheni ya Kimataifa

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa timu, nilishika koleo mwenyewe, lile la kubania vitu vya mionzi kutoka mbali. Nilijiona ndiye mwenye uzoefu kuliko wote, na chanzo cha mionzi kilikuwa kidogo tu, geji ya seziamu (kifaa cha kupimia chenye madini ya mionzi) iliyong'olewa kiwandani. Nikaingia. Jenereta lilikuwa linanguruma hatua chache kutoka pale, dosimita yangu ya mfukoni, kifaa kinachopima mionzi inayompata mtu, ikalia, hakuna aliyeisikia, mimi nikiwa wa kwanza kutosikia. Aliyetakiwa kuangalia saa ni mimi, na mimi nilikuwa nimeinama. Nilitoka na dozi ya mionzi mara tatu ya ile niliyoiandika kwenye mpango. Haikufika hata robo ya milisiveti (kizio cha dozi), kwa hiyo afya haikuguswa, lakini jioni ile nilikaa hotelini nikiandika ripoti ya kujishtaki.

Mwongozo huu ni kwa wanaotarajia kuongoza timu kama hiyo: walioajiriwa Vienna kwenye Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, au wataalamu wa Arusha na Nairobi wanaoitwa kusaidia nchi nyingine. Mfano nitakaoutumia ni operesheni ya kukusanya vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi hospitalini na viwandani, kuvitia kwenye makasha na kuvipeleka ghala la taifa.

Hatua ya 1: Mjue mwenye nyumba

Usalama wa mionzi ndani ya nchi ni jukumu la nchi yenyewe. Shirika, tangu mkataba wake ulipoanza kufanya kazi mwaka 1957, linatunga viwango na kuvitumia kwenye shughuli zake na zile inazozisaidia, lakini halimpi mtu leseni ya kufungua chanzo Dar es Salaam au Kampala. Leseni inatoka kwa mamlaka ya udhibiti ya pale. Ikiwa ni dharura, nchi ndiyo inayoomba msaada chini ya mkataba wa mwaka 1986 uliokuja baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl.

Kabla ya kukata tiketi, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi: nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, nani anasafirisha kasha, nani analimiliki likishafungwa, na mtu akiumia anapelekwa hospitali gani. Jibu la mdomo halitoshi. Nimewahi kufika nikakuta kila mtu anaamini gari la kubebea kasha litaletwa na mwenzake.

Hatua ya 2: Kifahamu chanzo kabla hujakiona

Omba picha. Omba namba ya chanzo, aina yake, nguvu yake siku kilipotengenezwa, na tarehe ya siku hiyo. Kisha piga hesabu mwenyewe, usisubiri ya mtu mwingine.

Tuseme mashine ya tiba ya saratani iliingia nchini na kobalti-60 ya terabekereli 370 (kizio cha nguvu ya chanzo). Kobalti hupungua nusu kila baada ya miaka 5.3 hivi. Miaka 21 ikipita imepungua nusu mara nne, imebaki terabekereli 23. Wengi wakisikia hivyo husema "hiyo imeshakufa." Haijafa. Ikitoka kwenye kinga yake, mtu aliyesimama mita moja kutoka hapo anapokea kama milisiveti 2 kwa kila sekunde. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukihesabu kwa miaka mitano. Sekunde tisa au kumi, mgao wa mwaka umekwisha.

Ndiyo maana vyanzo vya namna hiyo havishikwi kwa koleo. Kuna chumba cha kuhamishika kilichotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya kazi hiyo: kuta mbili za chuma, katikati unajazwa mchanga, unene wa karibu mita moja na nusu, na mikono ya mashine inafanya kazi ndani. Mwaka 2009 kilitumika Sudan, kikaja Tanzania. Napenda ubunifu ule kwa sababu mchanga haupandi ndege: unaukuta hukohuko.

Na kama karatasi hazipo? Chukulia kwamba ni kibaya hadi kipimo kikuambie vinginevyo. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, mashine ya tiba yenye seziamu iliachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Waokota vyuma wakaichukua na kuibomoa, unga unaong'aa rangi ya buluu ukazunguka majumbani. Watu wanne walifariki, na zaidi ya 112,000 wakapimwa. Hakuna aliyeshambulia wala kulipua kitu pale. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mashine iko wapi.

Hatua ya 3: Chagua watu, kisha jiondoe

Timu yangu ya kawaida ina watu sita: wawili wa kushika vifaa, mmoja wa kupima, mmoja wa rekodi na dosimita, mmoja wa mwenyeji anayejua eneo na lugha ya pale, na mimi. Mimi sishiki koleo. Nasimama kwenye mstari wa mpaka wa eneo la mionzi nikiwa na saa ya kusimamisha na ubao. Ubao una safu chache tu: jina, dozi ya asubuhi, mgao wa leo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, dozi mpya.

Siku ya kwanza waambie wote, pamoja na dereva na mlinzi wa geti, kwamba neno la kusimamisha kazi ni la kila mtu, na halihitaji sababu papo hapo. Kisha lithibitishe. Mtu wa kwanza kulitumia kwa jambo dogo mshukuru mbele ya wenzake, hata kama alikosea. Ukimkunjia uso siku hiyo, kesho atanyamaza kwenye jambo kubwa.

Mjamzito au anayedhani huenda ni mjamzito ana haki ya kukuambia faraghani na kupangiwa kazi nyingine bila maswali ya wenzake. Andaa kazi hiyo mapema isionekane kama adhabu.

Hatua ya 4: Funga mizigo kama mtu aliyewahi kukwama

Vipima mionzi viwe viwili vya aina tofauti, vyenye vyeti vya usahihishaji ambavyo muda wake haujaisha. Jihadhari na vipima vya zamani vya mrija wa Geiger: baadhi vikikutana na mionzi mikali mno hulemewa, sindano inarudi chini, na aliyekishika anadhani amefika mahali salama. Kwa hiyo kipima kinawashwa mbali, kikiwa kwenye kipimo cha juu kabisa, ndipo unasogea.

Dosimita za kusomwa maabara zisafiri na mwenzao mmoja wa ziada ambaye havaliwi na mtu. Huyo anapita kwenye mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege na anaruka angani pamoja na wengine, kisha anakaa mbali na chanzo. Kinachosomeka kwake unakitoa kwa wote. Bila yeye, hutajua ipi ni dozi ya kazi na ipi ni ya safari.

Na kwenye nyaraka za Kiswahili, usiandike "makasha ya risasi." Tuliwahi kusimama saa nne kwenye kizuizi tukieleza kwamba risasi hizi hazipigwi na bunduki yoyote. Siku hizi naandika "makasha mazito ya madini ya risasi, matupu," na naambatanisha picha.

Hatua ya 5: Gawa dozi kama unavyogawa fedha

Chukua geji ndogo ya seziamu-137 ya gigabekereli 4 (gigabekereli elfu moja ni terabekereli moja). Kwa mita moja inatoa karibu milisiveti 0.36 kwa saa. Ukitumia koleo la mita moja kwa dakika mbili, unapata milisiveti 0.012. Sasa mtu aishike kwa vidole: kwa umbali wa sentimita moja ni kama milisiveti moja kila sekunde kwenye ngozi. Chanzo ni kilekile, koleo tu ndilo limeondoka. Hesabu hii naiandika ubaoni mbele ya mafundi, kwa chaki, polepole. Mhadhara wa saa nzima haujawahi kunipa ukimya kama ule unaofuata baada ya mstari huo wa mwisho.

Kisha weka mgao wa kila mtu kwa operesheni nzima. Kwangu mara nyingi ni milisiveti 1 au 2, chini kabisa ya kikomo cha sheria. Weka kengele ya dosimita ya kielektroniki ilie kwenye nusu ya mgao wa siku. Anayefika nusu anatoka, tunazungumza, ndipo tunaamua.

Hatua ya 6: Fanyeni mazoezi bila chanzo mpaka mchoke

Hapa ndipo operesheni inapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo wakubwa wanapotaka kubana siku. Usikubali.

Tengeneza chanzo bandia cha chuma chenye ukubwa uleule. Tafuta kifuniko chenye boliti zilezile. Vaeni vyote mtakavyovaa siku yenyewe: ovaroli, glavu mbili mbili, viatu. Kisha saa ianze.

Katika operesheni moja, mpango wetu ulisema kufungua kifuniko cha kasha na kurudisha boliti nne ni sekunde 45. Jaribio la kwanza lilichukua dakika moja na sekunde 52. Fundi alikuwa hodari, kijana mwenye mikono mitulivu, ila glavu ya pili ilimnyima hisia za vidole. Nati ya tatu ilimponyoka, ikabingirika chini ya meza, naye akafanya ambalo kila binadamu angefanya: akapiga goti kuitafuta. Kwa chanzo cha kweli, uso wake ungekuwa umekaribia mara mbili zaidi.

Hatukumgombeza. Tulikaa chini tukaangalia nati. Mtu wa mwenyeji, fundi magari kwa asili yake, akasema tupake grisi nzito ndani ya spana ya boksi ili nati inate, na spana iungwe kwenye mpini mrefu. Tukaweka pia nati nne za akiba kwenye sahani ya sumaku, na sheria moja: kilichoanguka kimeanguka, haokoti mtu. Jaribio la sita lilikuwa sekunde 38.

Sekunde zina historia yake. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia huko Georgia, wanaume watatu walikuta msituni vyuma viwili vya moto, wakavitumia kujipasha joto usiku. Vilikuwa vyanzo vya strontiamu-90 kutoka mitambo ya umeme ya enzi za Kisovieti. Mmoja wao alifariki baadaye. Timu iliyokwenda kuviondoa mwaka 2002 ilipokezana, kila mtu sekunde zisizozidi 40. Nani anaweza kufanya kazi ya maana kwa sekunde 40 kama hajaifanya mara kumi kabla?

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Pima mazingira kabla ya kufungua chochote, andika. Weka uzio pale kipima kinaposoma mikrosiveti 100 kwa saa, yaani milisiveti 0.1. Kama chanzo hakina kinga na hamjapima bado, anzeni na mita 30 kuzunguka, mtapunguza baadaye. Kikao cha asubuhi kisizidi dakika kumi. Kila mtu aseme kwa mdomo wake atafanya nini, asikusikilize wewe ukisema.

Kisha lugha. Kwa timu zinazozungumza Kiswahili nimepiga marufuku maneno mawili kwenye redio. La kwanza ni "sawa." Sawa ina maana nimesikia, nimekubali, nimemaliza, endelea, na wakati mwingine niache. La pili ni "bado kidogo." Bado kidogo ni sekunde ngapi? Badala yake tuna maneno manne: INGIA, TOKA, SIMAMA, NIMEMALIZA. Mpokeaji hurudia neno alilosikia. Ukimuuliza mtu amebakiza muda gani, anajibu kwa tarakimu. Mwanzoni watu hucheka, siku ya pili wanazoea.

Wewe hesabu sekunde kwa sauti, kila tano. Muda ukifika sema TOKA hata kama amebakiza boliti moja. Ataingia mwingine. Hapo ndipo utapewa sura ya lawama na fundi aliyekuwa karibu kumaliza. Ivumilie.

Jenereta lizimwe au lisogezwe mbali. Mnaelewa kwa nini.

Hatua ya 8: Baada ya kasha kufungwa

Pima kasha pande zote, pima gari, pima mikono na viatu, pima sakafu, kisha pima tena mazingira yale ya asubuhi. Majirani waliokuwa wakichungulia ukutani wanastahili maelezo ya dakika tano kwa lugha yao kabla uvumi haujawatangulia. Mweleze mzee wa mtaa kilichoondolewa ni nini na kimekwenda wapi.

Dosimita zikisomwa, kila aliyevaa apate dozi yake kwa barua, kwa jina lake, nakala kwa mamlaka ya nchi yake. Watu wa mwenyeji husahaulika hapa, kwa kuwa timu imeshapanda ndege. Mimi sifungi faili hadi barua zote zimethibitishwa kupokelewa.

Safari moja dereva wetu alinipigia simu wiki ya sita, akaniuliza kwa upole, "Mzee, na yangu?" Nilikuwa nimemvalisha dosimita kwa utaratibu tu, na barua yake ilikwama kwenye trei ya ofisi ya mtu. Ilipomfikia ilisomeka sifuri. Alinitumia picha: ameikunja mara nne na kuiingiza kwenye pochi, nyuma ya leseni ya udereva.