Sikukuu ya Watu Ishirini Mwanza: Kula Vizuri, Kutupa Kidogo, Kutodaiwa Januari

Chungulia jalala lolote la mtaani Mwanza asubuhi ya tarehe 26 Desemba, au siku ya pili ya Idi, utakuta vitu vilevile: chupa za plastiki za soda na maji, maboksi meupe ya chakula, mabaluni yaliyopasuka, na wali. Wali mwingi. Vingi kati ya hivyo vilinunuliwa dakika za mwisho na mtu aliyekuwa amechoka, ambaye hakujua wageni ni wangapi wala nani analeta nini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye orodha, ndipo uende sokoni na jikoni. Mapambo tutayagusa kwa kupita tu.

Hesabu zote hapa ni za watu 20: wakubwa 14 na watoto 6. Mkiwa 30, ongeza nusu.

Gawana vitu badala ya kuchangishana pesa

Michango ya fedha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ina shida moja inayojulikana: wanaotoa ni walewale, inafika pungufu, na aliyepewa kununua anaishia kuongezea mfukoni mwake. Wiki mbili kabla, mtu mmoja aandike orodha ya vitu na kila nyumba ichukue kimoja au viwili kwa jina na kipimo. Shangazi wa Buhongwa: mchele kilo 3. Mjomba wa Igombe: sato 10. Shemeji: mkaa na kreti ya soda. Wasio na kipato wapewe kazi: kuteka maji, kukata majani ya mgomba, kuosha vyombo. Kazi nayo ni mchango, na iandikwe kwenye orodha ileile ili mtu asionekane amekuja kula tu.

Usiandike "vinywaji" au "mboga" bila kipimo. Ukiandika hivyo, nyumba tatu zitaleta soda na hakuna atakayeleta chumvi. Na mstari wa mwisho wa tangazo uwe huu: kila nyumba ije na bakuli lake lenye mfuniko. Bibi hatakubali mgeni aondoke mikono mitupu, na kama bakuli halipo, chakula kitafungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Sokoni

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo imetengenezwa kwa plastiki. Ikilowa na kuchanika inaachia nyuzi zinazoishia mitaroni, na mitaro ya Mwanza inamwaga ziwani. Nenda na kapu la ukindu la vitu vikavu, ndoo yenye mfuniko ya samaki, na vifuko viwili vitatu vya kitambaa vya mchele na maharage. Muuzaji wa mchele atakupimia kwenye kifuko chako bila shida ukikitoa kabla hajafungua cha kwake.

Sato mmoja wa sentimita 25 ana kama gramu 300, anatosha watu wawili penye pilau na mboga. Chini ya urefu huo ni mchanga na sheria hairuhusu avuliwe. Kwa sangara kikomo ni sentimita 50. Chora mistari miwili kwenye kijiti, mmoja wa 25 na mwingine wa 50, uende nacho mwaloni, samaki wanakoshushwa. Kipimo ni kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Kununua samaki wachanga kwa sababu ni rahisi msimu wa sikukuu ni kumlipa mvuvi avue tena wachanga wiki ijayo. Funua mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikibaki na shimo, mwache.

Ukinunua sangara mzima, usimwachie muuzaji kichwa na mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa). Supu ya kichwa ndiyo itakayowapokea waliosafiri usiku. Bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki, usilitarajie, mara nyingi huwa limeshatolewa na kuuzwa peke yake.

Dagaa wakavu wanapatikana Mwaloni Kirumba kwa kipimo, ukiwa na kifuko chako. Mananasi ya Geita na maembe ya Desemba hayahitaji mfuko wowote. Kwa chai ya asubuhi, badala ya mikate ya kwenye nailoni, tafuta michembe au matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, kwa hiyo inataka kuchemshwa dakika 30 hadi 40, kisha unatia karanga zilizotwangwa. Matobolwa yalichemshwa kwanza ndipo yakakaushwa, yanaliwa hivyohivyo na chai. Kilo mbili zinawatosha wote.

Kapu la kupikia

Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko pengine pote, maana mkaa ndio unaomaliza pesa na miti. Wazo lake: chakula kikishachemka hakihitaji moto zaidi, kinahitaji joto lisitoke. Unakichemsha kwa muda mfupi, unakifunika, unakiingiza kwenye kapu lililojazwa kitu kinachozuia joto, kinajiivisha.

Tafuta kapu pana, liwe na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kuzunguka sufuria yako. Cha kujazia kinapatikana bure kwenye mashine za kukoboa mpunga: maganda makavu ya mpunga. Mwombe fundi cherehani vipande vya vitambaa, ushone mifuko minne. Mmoja wa duara wa chini, miwili mirefu ya pembeni, na mmoja mnene wa kufunika juu kama mto. Kila mmoja uwe na unene usiopungua sentimita 10 ukishabanwa. Blanketi kuukuu nalo linafaa, ila likilowa mvuke halifai kitu hadi likauke.

Pilau ya kilo 3 za mchele na kilo 2 za nyama inataka sufuria ya lita 15 yenye mfuniko unaobana. Kaanga vitunguu, viungo na nyama kama kawaida, nyama iive kabisa kwenye moto. Osha mchele ila usiuloweke. Supu na maji jumla yawe lita 5 hadi 5 na nusu, pungufu ya ulivyozoea, kwa sababu ndani ya kapu mvuke hautoki. Tia mchele, acha uchemke kwa nguvu kama dakika 8, hadi maji yalingane na mchele. Funika, zungushia sufuria kitambaa kikuukuu kisicho na thamani (masizi yatakichafua), iingize kapuni, gandamiza mto juu. Saa moja. Usifunue kuangalia.

Hii inachukua nafasi ya kupalia mkaa juu ya mfuniko. Hasara yake ni kwamba hakuna ukoko, na watoto watalalamika. Wakizidi, rudisha sufuria kwenye jiko dakika tano za mwisho.

Maharage kilo moja na nusu: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, tia mapya na uyachemshe dakika 20. Usipunguze muda huo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mchemko wa kweli wa dakika 10 au zaidi, na joto la kapu peke yake haliimalizi. Kisha kapuni saa tatu hadi nne, halafu yaungwe.

Yanayoharibika mara nyingi ni haya. Sufuria iliyojaa chini ya nusu inapoa haraka, kwa hiyo usipikie kilo moja kwenye sufuria ya lita 15. Mfuniko unaocheza unaachia joto lote. Utibie kwa unga uliokandwa na maji, uupake pembeni. Wali ukitoka umelainika sana, maji yalizidi. Ukitoka na kiini kigumu, ulikimbilia kuutoa motoni kabla maji hayajashuka. Na kamwe usiingize chombo chenye kaa la moto chini yake. Kapu na maganda vitawaka.

Vinywaji

Kreti moja ya soda za chupa ya kioo ina chupa 24: kila mtu moja, na nne za akiba. Zinarudi dukani zilivyo. Kama huna chupa tupu za kubadilishia, duka litakudai rehani, kwa hiyo azima kreti kwa jirani mapema.

Zaidi ya hapo ni juisi ya ukwaju. Nusu kilo ya ukwaju wenye kokwa, lita 2 za maji ya moto, acha nusu saa. Kamua kwa mkono uliooshwa, chuja, tia sukari gramu 400 wakati bado kuna uvuguvugu (ikipoa sukari haiyeyuki vizuri, utaishia kuongeza bure), tangawizi ukipenda, kisha lita 3 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Fanya mara mbili upate lita 10, yaani vikombe 40. Usilowekee kwenye sufuria ya alumini, asidi ya ukwaju inaila na juisi inatoka na ladha ya bati.

Maji ya kunywa, lita 20, yachemshwe jana yake na kumiminwa kwenye mtungi. Mtungi hupoza kwa kuvuja jasho, na siku zenye unyevu hewani jasho hilo halikauki haraka. Uweke kivulini panapopita upepo wa ziwa, juu ya kigoda, usiukumbatishe ukuta.

Vyombo

Rahisi kuliko yote ni sinia. Watu wanne au watano kwa sinia, wazee peke yao, watoto wapangwe kwa umri ili mdogo asipokonywe nyama. Watu 20 wanamalizwa na masinia matano, na kuosha masinia matano ni kazi ya dakika chache.

Kama ni lazima kila mtu awe na chake, tumia jani la mgomba. Chagua lililokomaa ila halijachanwa na upepo, likatwe asubuhi hiyohiyo, moja tu kwa kila mgomba. Uliobeba mkungu uache. Toa uti wa kati, kata vipande vya sentimita 30 kwa 35, kisha pitisha kila kipande juu ya makaa kwa sekunde chache. Utaliona jani likibadilika mbele ya macho yako: rangi inakoza, linang'aa, linalegea. Hapo limeiva. Lisilopitishwa motoni hupasuka kufuata mistari yake na mchuzi unavuja mapajani. Futa kwa kitambaa safi, weka juu ya sahani au ungo. Baada ya kula, mbuzi wanamalizia.

Mkienda kula ufukweni

Nendeni na maji yenu. Sehemu zenye maji yaliyotulia na majani kandokando ndiko wanakoishi konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao watoto wanataka kuchezea maji. Mchanga usio na majani si kinga kamili. Kama maji ya ziwa ndiyo pekee yaliyopo kwa kuoshea, yatekeni siku mbili kabla. Yakikaa saa 48 kwenye ndoo vijidudu hivyo hufa. Hilo halimaanishi yanafaa kunywa.

Msioshee vyombo ziwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingoni dhidi ya shughuli za kudumu, na umbali huohuo ni kipimo kizuri cha kumwagia maji ya sabuni. Mafunjo yaacheni yalivyo, hata kama yanapendeza kupambia. Samaki wanazaliana humo. Gugumaji msilibebe kwenda nalo nyumbani likiwa bichi, maana kipande kimoja chenye mizizi kinatosha kulianzisha kwenye bwawa jingine.

Mapambo, zawadi, burudani

Mapambo: khanga na vitenge vilivyomo kabatini vitandazwe mezani na ukutani. Basi. Mabaluni acheni. Zawadi ifungwe kwa khanga: nunua doti moja, kipande kimoja ni zawadi ya bibi, cha pili ndicho kitambaa kilichofungia zawadi ya shangazi. Kwa watoto, mche wa mwembe au mparachichi uliounganishwa. Desemba mvua zipo. Shimo la sentimita 60 kila upande, debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Spika ya kukodi haihitajiki penye wazee wanaoijua wigashe, ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wamekaa, nayo inawafaa wenye magoti mabovu. Siku ya pili, kama mnataka kutoka, Makumbusho ya Bujora pale Kisesa yapo kama kilomita 20 kutoka mjini.

Jioni hiyohiyo

Gawa mabaki ndani ya saa mbili baada ya kupakua, kwenye yale mabakuli ya wageni. Wali uliokaa nje kwa joto la Mwanza hadi usiku unaota bakteria wanaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha ukachemka. Wenye safari ndefu wapewe nyama ya kukaanga na viazi, wali wapewe wa karibu. Mifupa na maganda yaende shimoni yafukiwe, majivu ya jiko bustanini, na plastiki yoyote iliyopenya isichomwe. Kreti iwe mlangoni kabla ya kulala, chupa zote 24 zikiwa zimehesabiwa, maana kufika asubuhi chupa moja itakuwa imegeuzwa ya mafuta ya taa.