Suti ya bei nafuu: anza na mabega

Nashona na kurekebisha nguo za kiume Ilala, si mbali na soko la Karume. Wateja wangu wengi huvaa suti mara chache kwa mwaka: harusi ya ndugu, mahafali ya mtoto, usaili, pengine msiba. Kwa matumizi hayo suti ya mtumba inatosha kabisa, mradi kabla ya kulipa ujue kipi fundi anakiweza na kipi hakiwezi.

Mabega hayawezekani. Kuyapunguza ni kufumua mikono yote, pedi na bitana, na kwa koti la bei ndogo kazi hiyo mimi huikataa. Lipime hivi: vaa koti, simama ubavu kwa ukuta, jisogeze taratibu. Pedi na mkono wako viguse ukuta kwa pamoja. Pedi ikitangulia na kubonyea, koti ni kubwa. Mkono ukituna nje ya mshono wa bega, ni dogo. Halafu mtu akutazame shingoni kwa nyuma. Kola ya koti ilale juu ya ile ya shati, isiachie uwazi.

Muuzaji atasema, "Litakaa tu bosi, mpelekee fundi." Fundi ndiye mimi, na halikai.

Kiuno cha koti nakibana. Mikono naifupisha, ila kwanza tazama vifungo vya mkononi: vikiwa vya pambo ni kazi nyepesi, vikiwa na matundu ya kweli kazi inakuwa kubwa. Urefu wa koti usiguswe; ukilikata, mifuko inabaki imeshuka karibu na pindo na kila mtu anaona. Suruali igeuze ndani nje, uangalie mshono wa nyuma katikati. Kukiwa na kitambaa cha akiba, kiuno kinaweza kuachiwa inchi moja, wakati mwingine mbili.

Lebo isikutishe. Koti la Uingereza lililoandikwa 40 ni la kifua cha inchi 40, na la Italia lililoandikwa 50 ni la mwili huohuo: toa 10 tu. Herufi S, R na L ni za urefu: fupi, wa kawaida, mrefu. Ila suti ya mtumba huenda ilishapita kwa fundi wa huko ilikotoka, kwa hiyo ijaribu mwilini, na uijaribu ukiwa na shati la mikono mirefu, si fulana.

Toa suti nje ya kibanda. Chini ya turubai la bluu, nyeusi na bluu iliyokoza hufanana, na kwa kuwa makoti na suruali mara nyingi huuzwa kila kimoja kivyake, unaweza kuondoka na vipande viwili visivyojuana. Juani tazama makalio ya suruali kama yanang'aa kwa kuchakaa, kwapa, na vitundu vya nondo. Pitisha kiganja kifuani: ukikuta malengelenge, gundi ya ndani imeachia na hakuna pasi itakayoirudisha.

Kujua kitambaa, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo ukauchome mbali na marobota. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Mchanganyiko si mbaya kwa mvaaji wa mara mojamoja. Poliesta tupu nzito, Dar, mwezi wa pili, utachemka kabla keki haijakatwa. Bora koti lenye bitana nusu mgongoni.

Rangi chagua bluu iliyokoza au kijivu. Nyeusi ya mtumba mara nyingi imepauka, na jua la saa nane halifichi kitu. Ile ya zambarau inayometa, iliyochaguliwa na kamati ya harusi, ikodi tu; msibani hutaipeleka.

Ukiwa na 80,000, usiimalizie sokoni. Tenga 30,000 za fundi na drai klina, ukabishane bei na hiyo 50,000. Ukipata mpya Kariakoo, kata ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma na ubandue lebo ya mkononi. Nimeshaona wasimamizi wa bwana harusi wakiingia ukumbini na lebo kana kwamba ni cheo.

Baada ya shughuli itundike kwenye hanga pana, ipate hewa, usiifungie kwenye nailoni. Joto na unyevu wetu wa pwani vitaiotesha ukungu.

Na ukija kwa fundi njoo na viatu utakavyovaa, maana urefu wa suruali hupimwa juu yake. Njoo wiki mbili kabla. Ijumaa jioni nina foleni ya wenye harusi ya Jumamosi, na wote wanasema yao ni ndogo tu.